Siku moja maishani mwangu: watoto 58, kinu kimoja na dinosa wa kamba

Nikimwambia mtu nafanya kazi makumbusho anadhani nakaa kwenye kiti nafuta vumbi mifupa. Haya, jana nilikuwa na chekechea, wacha niwapitishe.

Saa 11 alfajiri niko macho, Tegeta, hapa Dar. Chai ya rangi, kiporo cha ubwabwa, natoka. Kwenye daladala konda anaita "Makumbushooo" mpaka sauti inamkauka, na mi huwa najicheka kimoyomoyo maana nusu ya hao abiria wanashuka hapo kila siku na hawajawahi kujiuliza hilo jina limetoka wapi. Limetoka kwetu jamani! Kijiji cha Makumbusho kipo pale kando ya barabara ya Bagamoyo tangu 1966, nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wa kweli kabisa, unaingia, unainama, unatoka.

Saa 2 kasoro nishafika. Kazi ya kwanza ni kuzunguka kila nyumba naangalia nyigu, siafu na chochote chenye meno, ndo mambo ambayo wazazi hawayajui. Halafu natoa vitu vyangu: kinu kimoja, michi miwili mifupi, mbuzi ya nazi, sinia mbili, udongo, nyasi, kopo nililolitoboa matundu kwa msumari, na kamba ya katani ya mita 13. Kamba ya nini, nitawaambia mbele.

Saa 3 na nusu basi likaingia. Walitakiwa saa 3 kamili ila watoto wa miaka minne na mitano wakiwa 58 kwenye basi moja mi nusu saa nahesabu wamewahi. Wanashuka wameshikana mashati, "shkamoo anti, shkamoo anti, shkamoo anti" mara 58 na kila mmoja anasubiri marahaba yake mwenyewe, ukiitikia kwa jumla wanakukazia macho. Nikawagawa makundi matatu na madam wao.

Tukaanza na msonge wa Wahaya. Wakubwa ukiwapeleka pale wanapiga selfi wanaondoka. Watoto walisimama kimya, halafu binti mmoja mwenye mabutu akauliza, "anti, ukuta wao uko wapi?" Mi nimepita pale miaka sita na sijawahi kulifikiria hivo lakini ni kweli, zile nyasi zinaanzia kileleni zinashuka mpaka chini, nyumba yote ni paa. Mwenzake akajibu kwa kujiamini kabisa, "wameuvalisha kanzu." Nikanyamaza. Ningeongeza nini hapo?

Ndani kuna giza, wawili wakalia, mmoja akataka kujua friji linakaa wapi na mwingine akamwambia si uone hakuna soketi.

Saa 4 na nusu tukahamia kwenye tembe la Wagogo, lile lenye paa bapa la udongo, na hapa ndo somo ninalolipenda kuliko yote. Kwenye sinia moja tunajenga katembe ka udongo, kwenye nyingine kamsonge ka nyasi. Halafu tunanyesha mvua. Dodoma kwa Wagogo mvua ya mwaka haifiki milimita 600, Bukoba kwa Wahaya inakimbilia 2,000, sasa milimita mtoto wa miaka minne atazijulia wapi, kwa hiyo tunapima kwa kopo, la Dodoma moja, la Bukoba matatu na kidogo. Kopo moja katembe kakastahimili, kakalowa tu. Wakaomba tukanyeshee mvua ya Bukoba. Kopo la pili paa likabonyea, la tatu likaporomoka lote na wakashangilia kama Simba kafunga goli dakika ya 90, halafu kale kamtoto kalikokajenga kakaanza kulia, ikabidi tukajenge upya na mikono ya watu saba. Hapo sijatamka neno hali ya hewa hata mara moja, ila walipofika kwenye nyumba ya Wazaramo wenyewe wakaanza kuangalia juu na kubishana maji yanapitia wapi.

Saa 5 vitafunwa chini ya mti. Kunguru akashuka akabeba andazi la mtoto mkononi, mkononi kabisa! Mayowe. Nikaona isipite bure, nikawaambia huyu ndege kwao India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, bara akavuka. Mwenye andazi akasema "basi arudishwe." Sina hoja, akaongezewa andazi.

Baadaye kutwanga. Michi miwili kwenye kinu kimoja, lazima mpokezane, mkishusha pamoja michi inagongana. Mmoja kati ya makumi ndo anashika mdundo mara moja, na jana alikuwa yule mkimya ambaye madam aliniambia asubuhi usimsumbue huyu haongei. Hakuongea. Ila mchi hakutaka kuuachia.

Saa 6, kamba. Kila kundi lina mtoto mwenye fulana ya dinosa, kila kundi, na kila siku swali ni lile lile, "dinosa yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nawaambia hapa hayupo, basi. Ni jibu baya. Dinosa tulikuwa naye, Tendaguru kule Lindi, Wajerumani wakachimba 1909 hadi 1913, na waliochimba wengi ni watu wa huko huko, mifupa ikabebwa kichwani na begani mpaka bandarini Lindi. Leo mmoja wao amesimama Berlin, kwenda juu anapita mita 13. Watoto hawajui Berlin wala mkoloni, kwa hiyo natandika kamba, nasema huu ndo urefu wake kwenda juu, tulale tuone tunamfikia. Wakalala kichwa kwa miguu kwenye nyasi, wakatimia 12 na wa 13 akapitiliza miguu. Mwenye fulana akainuka akaangalia mstari mzima akauliza, "sasa mbona hawamrudishi?" Mtoto wa pili huyo siku moja kuongelea kurudisha. Nikamwambia wakubwa wanalijadili. Akaniangalia vile wanavyomwangalia mtu aliyesema pipi zimeisha.

Saa 7 wakaondoka. Mchana nikafagia udongo, nikajaza ripoti, nikajibu wasap za shule mbili, nikala wali maharage saa 9 umepoa.

Saa 10 nafunga vifaa, kamba hakuna. Nikatafuta mpaka ndani ya msonge. Nikampigia madam, anacheka, kumbe walipangia foleni ya kupanda basi, wakaishikilia wote, "dada angu wamelala nayo mkononi, nimeshindwa kuwanyang'anya, nakuletea wiki ijayo."

Na leo nina watoto 70. Jioni nikapita kwa muuza kamba, mita 13 tafadhali. Akapima, akaniuliza unafungia nini, ng'ombe?

Nikamwambia dinosa. Akanipa na ya bure nusu mita.