Tarehe 12 Januari kwetu Morogoro

Kila ikifika tarehe 12 Januari nchi hupumzika, na redio toka alfajiri ni Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Ni haki yake. Bila siku ile hakuna Muungano wa Aprili mwaka huohuo.

Lakini sisi tuliokulia Morogoro miaka ya sabini tuna kilio kingine tarehe hiyo. Ndiyo siku aliyofariki mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, mwaka 1979, kwa ajali ya gari karibu na Mombasa. Miaka 34 tu! Alikuwa amevuma na bendi ya Morogoro Jazz, wakafika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya 1970, kisha 1973 akaunda bendi yake, Super Volcano. Gita lake halikumsindikiza mwimbaji. Lilimjibu, likambishia, na mara nyingine likamnyang'anya wimbo kabisa. Mtaani kwetu kila kijana alijiundia gita la debe.

Ajabu ni kwamba leo nikiusikia wimbo wake wa "Shida" siukumbuki ukumbi wala dansi. Nakumbuka vita. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatutangazia kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mjomba wangu alikuwa jeshini, akaenda. Nyumbani redio ikawa haizimwi: baba anangoja habari za Kagera, sisi watoto tunangoja habari ziishe upigwe muziki.

Siku hizohizo ndipo tukasikia Mbaraka amekufa. Mama, ambaye dansi hakulipenda hata kidogo, alikaa mkekani akalia mpaka majirani wakaja. Naamini alikuwa anamlilia pia mdogo wake, yule mjomba aliyekuwa vitani. Huyo mama hakuthubutu kumlilia waziwazi, maana kumlilia aliye hai ni uchuro.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mjomba alirudi baadaye, amekonda, hana maneno mengi. Jioni ya kwanza aliuliza Mbaraka ametoa wimbo gani mpya. Tukatazamana. Baba ndiye aliyemwambia.

Redio zetu ziendelee na hotuba za Mapinduzi, nazisikiliza zote. Ila siku hiyo wamwekee Mbaraka hata wimbo mmoja, tena mzima, gita lile la mwisho lisikatwe kupisha matangazo.