Magunia ya makala na ngozi ya mwanangu

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa mweupe, nywele kama ndevu za mahindi. Mama mkwe alimfunua kitenge, akamfunika tena. “Mama Baraka, uyu mutoto alitokaka wapi? Kwetu bote ni beusi.” Mume wangu alinyamaza, na kimya kile kiliniuma kuliko swali.

Siku ya kupima uzito muuguzi alinieleza ualbino vizuri tu: melanini, tirosini, nini na nini. Kufika nyumbani, hakuna neno lililobaki mdomoni. Niliokolewa na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Mume wangu anateremsha makala kutoka Kibumba hadi hapa Goma, na jioni moja, magunia yakiwa bado uani, nikamwita mama mkwe.

“Mama, chini ya ngozi ya juu kuna seli zinazochoma makala. Kuni zake ni tirosini, ambayo chakula kinatupa. Moto wake ni kimeng’enya, tirosinasi. Makala yenyewe ndiyo melanini. Yanafungwa katika vigunia, yanasukumwa hadi seli za juu, nazo zinayapanga juu ya kiini cha seli kama kofia, jua lisikiharibu. Kwenye mzizi wa unywele ni vilevile. Hata Mzungu ana wachomaji karibu sawa na wetu kwa idadi. Wetu wanajaza zaidi. Mtoto huyu wachomaji anao, chukudu zinafika, ila magunia ni matupu, au yana vumbi tu.”

Akauliza kosa ni la nani. Swali hilo nilikuwa nalingoja. “Mwanao na mimi, kila mmoja ana jeni mbili za kazi hii, moja mbovu na moja nzima, ndiyo maana sisi ni weusi. Mbovu mbili zikikutana, anazaliwa hivi. Kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne.” Mume wangu akainua kichwa.

Kazi ya kila siku ndiyo ngumu. Goma iko karibu na ikweta, mita kama 1,500 juu ya bahari. Jua linaunguza hata kukiwa na mawingu. Kofia pana, mikono mirefu, na krimu ya jua pesa ikipatikana. Macho nayo hayana makala ya kutosha, haoni mbali. Shuleni walimweka nyuma, wakamwita mvivu, mpaka nilipokwenda kuomba benchi la mbele.

Mama mkwe ndiye anayemshonea kofia. Juzi alivua kitambaa, akanionyesha mvi zake. “Na hizi? Magunia matupu?” Nikamwambia hapana, hapo wachomaji wenyewe wameisha.

“Bapumuzike,” akasema. “Balitumikaka sana.”