"Niliyemwona": neno moja lililotumalizia asubuhi

Jumamosi iliyopita nilikaa na vijana wangu wa kidato cha nne tukirudia Kiingereza cha msingi. Mtihani wao ni Novemba. Nilikuwa nimepanga tuanze na nyakati, ila kabla sijashika chaki binti mmoja akaniletea kaunta buku yake. Ameandika: "The man whom I saw him he was crying."

"Madam, mbona hapa kila siku nakatwa maksi?"

Jibu la haraka lipo: futa "him", futa "he". Nimelitoa miaka mingi, na kosa hurudi muhula unaofuata. Safari hii nikaandika ubaoni sentensi aliyoanzia kichwani: "Mtu niliyemwona alikuwa analia." Tukalikata neno la pili vipande: ni-li-ye-mw-ona. Nikauliza, huyo "mw" ni nani? Wakajibu kwa pamoja, "Ni huyo mtu!" Basi ndiye "him" wake. Kiswahili kinamtaka akae ndani ya kitenzi hata kama ametajwa tayari. Kwa Kiingereza, "whom" imeshachukua kiti chake. Na ile "a" ya "alikuwa"? Ndiyo "he". Binti akachukua rula, akapiga mistari miwili, akasoma kwa sauti: "The man whom I saw was crying." Akairudia mara ya pili, polepole.

Hawa watoto wamesoma miaka saba kwa Kiswahili kabla ya kuingia sekondari. Wana sarufi nzima kichwani, na inaniuma tunapowafundisha kana kwamba wamekuja mikono mitupu. Hata "my mother he is sick" ina asili yake: "yeye" haibagui mwanamke na mwanamume. Mtoto hakosei kwa uzembe.

Fasihi nayo ni hivyo hivyo. Nikiwauliza "metaphor" wananikodolea macho. Nikasema, "Juma ni simba." Sitiari! "Juma ni kama simba." Tashibihi! Nikaandika "The lake swallowed the canoe," na kijana wa dirishani, ambaye huwa hasemi, akanyoosha mkono: "Tashihisi, Madam. Ziwa limepewa kazi ya kiumbe hai." Kilichobaki ni jina la Kiingereza tu, na hilo halimalizi dakika tano.

Dhamira ndizo zilinitoa jasho. Wengi wamekariri "poverty, corruption, betrayal" na wanazimwaga kwenye kila swali, kitabu chochote. Niliwakataza kutaja dhamira yoyote kabla ya kunionyesha mhusika gani, alifanya nini, ukurasa gani. Walinung'unika, wakafungua vitabu. Wawili waligundua kwamba mhusika waliyemwandika kama mla rushwa ndiye aliyekataa hongo.

Jumamosi ijayo ni "a" na "the", na hapo Kiswahili kinatusaidia kidogo tu. "Kitabu" hujikalia peke yake. "Hicho kitabu", kile tulichokwisha kukitaja, kinaigusa "the", lakini si kila mahali. Nimekusanya magazeti ya zamani ya Kiingereza na kalamu nyekundu kumi. Tutazungushia kila "the" tutakayoikuta, na kila moja nitawauliza: msomaji anajuaje ni kipi kinachosemwa?