Koti la Mama: Siku Yetu ya Maigizo Edinburgh

Tulilala Glasgow, maana mwezi wa Agosti bei ya vitanda Edinburgh haishikiki, na treni ni chini ya saa moja. Saa tatu asubuhi tukashuka kituo cha Waverley: wanafunzi kumi na wawili, mwalimu mmoja, na ratiba yake ya maigizo manne. Mwenyewe aliiita ratiba nyepesi.

Tamasha la Fringe, lile la Agosti lililotuleta, lilizaliwa bila mwaliko. Mwaka 1947, Edinburgh ilipoanzisha tamasha lake la kimataifa, vikundi vinane ambavyo havikuitwa vilikuja vivyo hivyo, vikajitafutia kumbi na kucheza pembeni. Mpaka leo hakuna kamati ya kuchuja: ukipata ukumbi wa kukupokea, unaonyesha. Ndiyo maana maonyesho huzidi 3,000, na ukikanyaga tu barabara ya Royal Mile mikono inajaa vipeperushi. Anayekupigia debe mara nyingi ni mwigizaji mwenyewe, kavaa maleba yake, anakutazama usoni. Kumkatalia si kazi ndogo. Kabla ya saa nne nilikuwa na karatasi kumi na saba.

Igizo la kwanza tuliliona Summerhall, jengo lililokuwa chuo cha madaktari wa mifugo. Ukumbi tulioingia ndimo wanafunzi wa zamani walimofundishwa anatomia. Madawati yamepanda wima kama ngazi, na mwigizaji yuko chini kabisa, kama mtu aliyetumbukia kisimani. Igizo lenyewe lilikuwa na maneno mengi mno. Ukumbi ndio niliokumbuka.

Tukiwa kwenye foleni ya la pili, mzinga ukalia kwenye ngome ya mji. Sote tuliruka, wenyeji wakatazama saa zao. Hulia kila siku saa saba kamili mchana, isipokuwa Jumapili na sikukuu chache.

La pili lilikuwa chini ya ardhi, chumba cha viti hamsini hivi. Tulihesabiana: watazamaji kumi na watano, na kumi na watatu ni sisi. Mwigizaji alikuwa mmoja, mwanamke wa makamo. Akivaa koti la kahawia ni mama. Akilivua, ni binti. Hakuna pambo jingine, ni kiti tu na taa mbili.

Dakika ya ishirini, jamaa yetu mmoja, sitamtaja, alianza kukoroma. Mstari wa mbele! Mwalimu alifumba macho kama mtu anayesikilizia jino. Mimi nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwake na mkono wangu haukumfikia. Mwigizaji akaja polepole mpaka ukingoni mwa jukwaa, bado yeye ni mama, akavua lile koti, akamfunika mpaka kidevuni, akampangusa bega. Kisha akarudi kwenye kiti chake akiwa binti, sauti haikutetereka.

Tatizo ni kwamba koti halikurudi. Mama alikuwa bado na maneno ya nusu saa, na mwanamke yule akayasema yote amejikumbatia mikono, kana kwamba baridi ndiyo iliyompa umri. Sijui kama mwandishi aliliwazia hilo. Nilisahau kabisa kwamba kulikuwa na mtu anakoroma.

Jamaa aliamshwa na makofi, akajikuta na koti la watu. Akalirudisha kwa mikono miwili, hana la kusema. Na hapakuwa na muda wa kusema: kikundi kinachofuata kilikuwa tayari mlangoni na mbao zao, mama wa watu anafagia jukwaa mwenyewe, kiti kwapani.

La tatu lilikuwa vichekesho, tulicheka. La nne tulilikosa; tulipotea ngazi za vichochoroni kwenye mvua, na mlango ukishafungwa hufunguliwi.

Tukirudi kituoni tulipita tena Royal Mile. Alikuwa pale, koti limelowa, anagawa karatasi za kesho. Alipomwona jamaa yetu alichagua moja kavu kutoka katikati ya bunda, akampa.

“Ulipolalia,” akasema, “ni ukurasa wa saba.”