Siku moja maishani mwangu: dakika 12 za kuimba bila kinanda

Saa 11:30 alfajiri

Naamka kabla ya alamu. Theluji imeanguka usiku kucha, na hapa Massachusetts mwezi Februari hita inakausha hewa ya chumbani mpaka koo linaamka kama limepakwa majivu. Nachemsha maji, nainamia sufuria, nafunika kichwa kwa taulo na kuvuta mvuke. Siongei na mtu. Leo ni robo fainali ya ICCA, mashindano ya vikundi vya vyuo vikuu vinavyoimba bila ala yoyote, na mimi ndiye ninayeongoza muziki wa kikundi chetu cha watu 15.

Nyumbani Moshi sasa ni saa 7:30 mchana. Ujumbe wa sauti wa baba umeshaingia: "Mwanangu, msikimbilie kuimba kwa nguvu. Sikilizaneni." Baba amefundisha kwaya ya usharika tangu sijazaliwa, na kinanda cha umeme kilipofika kanisani alikifunika kwa kitambaa mwezi mzima ili kwanza sauti nne zisimame zenyewe. Namjibu kwa maandishi, maana sauti naitunza: "Shikamoo baba. Nimesikia."

Saa 3 asubuhi

Mazoezi ya mwisho. Tunapasha sauti kwa sentensi yangu ile ile ya kila siku: "Mama, leta uji moto." Wenzangu karibu wote ni Wamarekani na hawajawahi kuonja uji, lakini sentensi hiyo ina irabu zote tano, na kila irabu ya Kiswahili inakaa palepale ilipowekwa. Kiingereza hakiko hivyo. Ukiimba neno "home" unaanza na o, kisha mdomo unateleza kuelekea u kabla hujafika kwenye m. Watu 15 wakiteleza kila mtu kwa wakati wake, unasikia uchafu ambao wasikilizaji wengi hawawezi kuutaja ila wanajua kuna kitu hakijakaa sawa. Wakikubaliana kubaki kwenye o ya "moto" mpaka mkono wangu ufunge, sauti 15 zinakuwa ukuta mmoja.

Nilipojiunga na kikundi hiki, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa kuhusu "Baba Yetu" ya Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili aliyoitungia mchezo wa kompyuta mwaka 2005, ambayo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Walikuwa wanayajua maneno yote bila kujua maana hata ya moja. Nilikaa nao jioni nzima nikiwaeleza. Sidhani kama mtu anaweza kuimba vizuri neno asilolielewa, hata kama irabu zake ni safi.

Leo tuna nyimbo tatu. Sheria inatupa dakika 12, na ukizidisha unakatwa alama. Wa kwanza ni wa kuchangamka, wa pili ni wa mtu anayeaga kwao, wa tatu unapanda mpaka mwisho. Watu wengi hudhani ushindi uko kwenye wimbo wa tatu, kwenye noti ya juu inayofanya ukumbi usimame. Mimi nauona uko kwenye wa pili. Mashindano haya yalianzishwa na Deke Sharon na Adam Farb mwaka 1996, na nimetazama video za mabingwa mpaka usiku wa manane. Nimewatazama SoCal VoCals wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliotwaa taji mara tano kati ya 2008 na 2018. Nimewatazama pia Techtonics wa Imperial College London, chuo cha sayansi, uhandisi na tiba, waliolibeba taji kwenda Uingereza mwaka 2016. Ninachokitafuta kwao ni sehemu ya chini kabisa, pale wanapoimba kwa sauti ndogo. Kupiga kelele pamoja hata mashabiki wa mpira wanaweza. Kunong'ona pamoja ni kazi.

Tunarudia mstari wa mwisho wa wimbo wa pili mara kumi na moja. Kodi ya mwisho, yaani noti zinazolia kwa pamoja, ni do-mi-so, na mi ni ya alto, sauti ya chini ya wanawake. Mi ya kinanda iko juu kidogo kwa kodi kama hiyo. Ikishushwa kiasi cha senti 14, ambapo nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda, ni senti 100, kodi inaanza kulia yenyewe, kama glasi uliyoipitishia kidole chenye maji ukingoni. Alto wangu mmoja anaipata kila anapofumba macho. Akifumbua inapanda. Namwambia afumbe.

Saa 6 mchana

Basi. Ndizi, maji, ukimya. Mpiga ngoma wetu wa mdomo, anayeiga milio ya ngoma kwa kinywa chake, analala na skafu usoni.

Saa 8 mchana

Kujaribu mitambo. Kila kikundi kinapewa dakika chache tu, na hapa ndipo siku nyingi za mazoezi zinaweza kupotea. Maiki za mkononi tunazo kwa mwimbaji kiongozi, besi na mpiga ngoma wa mdomo. Sisi wengine tunanaswa na maiki zilizosimamishwa mbele ya jukwaa. Maana yake, mahali unaposimama ndipo sauti yako inapoamuliwa. Soprano akisogea hatua moja mbele sauti yake imekuwa kubwa kuliko ya waimbaji wawili wa tena (sauti ya juu ya wanaume) walio nyuma yake, hata kama anaimba kwa upole.

Nashuka kusimama katikati ya viti. Wimbo wa kwanza una mahali ambapo wote tunageuka na kuupa ukumbi mgongo kwa sekunde chache. Kwenye chumba cha mazoezi ilipendeza sana. Hapa, wakigeuka tu, wimbo unatoweka. Inabaki besi na ngoma, kama nyumba iliyoezuliwa paa.

Namwambia dada anayetupangia miondoko kwamba tuiondoe. Macho yake yanajaa machozi. Ametumia wiki tatu kwa zile sekunde chache, na ni kweli kwamba waamuzi wanatoa alama za jukwaani pamoja na alama za sauti. Simlaumu. Lakini naamini mwondoko ambao wimbo haujauomba unamtoa msikilizaji ndani ya wimbo. Tunakaa kwenye ngazi za nyuma, yeye na mimi, na hatimaye anapata jibu mwenyewe: tugeuke nusu, ubavu kwa ubavu, kila mtu amwangalie mwenzake badala ya ukuta. Tunalijaribu kwenye korido mara nne. Ni zuri kuliko la mwanzo, maana sasa wanasikilizana na kuonana kwa pamoja.

Saa 11 jioni

Kupiga pasi, kufunga tai, kutafuta pini. Nawakataza wasiimbe tena. Wanaimba chooni.

Saa 1 usiku

Onyesho linaanza, nasi tumeketi na watazamaji mpaka zamu yetu ikaribie. Kikundi cha pili kina mpiga ngoma wa mdomo hodari kuliko wote niliowahi kusikia kwa masikio yangu. Ukumbi unalipuka. Naona mpiga ngoma wetu anajiinamia. Namnong'oneza kwamba yule anapiga ngoma na waimbaji wake wanamfuata. Yeye kazi yake ni kupumua nao. Mwanzoni mwa kila mstari anavuta pumzi pamoja na soprano, na ndiyo maana wimbo wetu hauyumbi. Anatikisa kichwa kukubali. Ninachomwambia ni cha kweli, si cha kumtuliza.

Saa 2:20 usiku

Tunapanda jukwaani gizani. Napuliza kifilimbi kinachotupa noti ya kuanzia, kidogo mno, na saa inaanza kuhesabu.

Wimbo wa kwanza unakwenda. Ule ugeukaji nusu unaamsha makofi mahali ambapo hatukuyatarajia. Kisha wa pili. Katikati yake nasikia tunashuka. Si mtu mmoja. Ni wote pamoja, taratibu, kama mashua inayoteremka na maji kupwa. Tumechoka, tunaogopa, na tunaimba polepole, na sauti ya binadamu katika hali hiyo hushuka. Tukifika mstari wa mwisho tutakuwa chini kwa nusu toni nzima.

Tunalifikia neno la mwisho. O. Wote wako ndani ya o ile ile. Yule alto amefumba macho, mi inashuka pale inapopataka, na kodi inalia. Nafunga mkono. Midomo 15 inafunga kwenye m kwa wakati mmoja, na m inafifia mpaka sijui imekoma saa ngapi.

Hakuna anayepiga makofi. Ukumbi mzima umekaa kimya, na kifilimbi kiko mfukoni mwangu. Nikipuliza, wimbo wa tatu utaanza kwenye ufunguo wake na ukimya huu utavunjika. Nisipopuliza, tutaanzia pale tuliposhukia, na besi wangu, ambaye tayari alikuwa anaanzia noti ya chini kabisa aliyonayo, atalazimika kwenda chini zaidi. Namtazama. Ananitazama, anavuta pumzi mpaka mabega yanapanua koti, na anaiachia. Noti hiyo hajawahi kuiimba mazoezini. Inatetemeka, inasimama, na sisi tunaijenga juu yake.

Saa 4:15 usiku

Waamuzi wanarudi. Kila mmoja ameandika alama, kisha amepanga vikundi kwa nafasi kwa jinsi yeye alivyoona. Wawili wa juu wanakwenda nusu fainali. Kikundi cha mpiga ngoma hodari kinachukua nafasi ya kwanza, na kwa haki. Nami nasimama kuwapigia makofi. Sisi ni wa pili. Dada wa miondoko ananikumbatia mpaka miwani yangu inadondoka.

Kwenye karatasi za maoni, mwamuzi mmoja ameandika kwamba tumeshuka nusu toni na amepunguza alama. Mwingine, kuhusu mahali palepale, ameandika neno moja tu: "Ukimya." Nazikunja karatasi zote mbili na kuziweka pamoja.

Saa 6 usiku

Ndani ya basi taa zimezimwa. Rafiki aliyekuwa ukumbini amenitumia video, nami nimemtumia baba. Kwake ni saa 2 asubuhi ya Jumapili, anajiandaa kwenda kanisani. Jibu linaingia kabla hatujafika barabara kuu.

"Hongera sana mwanangu. Nimeangalia mara tatu, mama yako amelia. Yule kijana mrefu wa tena, wa pili kutoka kushoto, kwenye wimbo wa kuaga anavuta pumzi kabla ya wenzake. Mwambie."

Narudia video, naweka simu sikioni. Ni kweli. Anawahi kidogo tu, na pale pale ndipo tulipoanza kushuka.

"Asante baba. Nitamwambia Jumatatu."