Dar hadi Mbeya kwa siku moja, pikipiki nne

Julai 2019, saa tisa usiku, pikipiki nne za cc 150 zilikuwa zinanguruma taratibu Kimara, kandokando ya vifusi vya upanuzi wa barabara. Mbele yetu kama kilomita 815 hadi Mafiati, Mbeya. Mpango ulisema tufike saa moja usiku. Tulifika saa mbili na nusu, na dakika zile tisini ninaweza kuzihesabu moja moja zilikoishia.

Kwenye kila tangi tulibandika kipande cha selotepu na kuandika namba ya odometa ya kuanzia, kwa sababu pikipiki hizi hazina mita ya safari ya kurudisha sifuri. Wamarekani wana chama chao cha waendeshaji wa masafa marefu, Iron Butt Association. Mtihani wao wa kwanza ni maili 1,000 ndani ya saa 24, yaani kilomita 1,609, na ushahidi wake ni risiti za mafuta zenye saa na mahali. Sisi tulikuwa tunakwenda nusu ya hapo, lakini utaratibu wa risiti tuliupenda. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina tarehe na saa tayari, kazi yako ni kuandika odometa mgongoni mwake.

Maandalizi yalichukua wiki nzima, na mkubwa wetu, ambaye sote tulimwita Fundi kwa kuwa ndiyo kazi yake, hakutaka mzaha. Oili mpya ya 20W-50, iliyotembea kilomita mia moja za majaribio kisha ikakaguliwa kama inavuja. Plagi mpya, na ile ya zamani ikawekwa kwenye begi kwa sababu inajulikana inafanya kazi. Mpya huwa inaweza kufia njiani. Waya wa klachi wa akiba ulilazwa sambamba na ule unaotumika na kufungwa kwa selotepu, hivyo ukikatika unabadilisha ncha mbili tu bila kufungua tangi. Upepo 28 mbele, 32 nyuma kwa sababu ya mzigo. Cheni ilipimwa mtu akiwa amekalia kiti, maana ukiipima pikipiki ikiwa tupu na ukaikaza vizuri, siku ukipanda na begi inakuwa gitaa na kula beringi. Kipini cha cheni nacho kilikaguliwa: upande wake uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Ukikigeuza, jiwe moja linatosha kukichomoa.

Dogo wetu peke yake alikuwa amefanya lake. Alibadilisha sproketi ya mbele, ile gia inayovuta cheni, kutoka meno 14 hadi 15 ili injini isilie sana kwenye tambarare. Fundi alimwangalia, akasema, "Sawa, mdogo wangu. Mlima Kitonga utakujibu."

Tulipanga msafara hivi: anayeijua barabara mbele, pikipiki dhaifu ya pili, mimi wa tatu, Fundi na vifaa vyote mkiani. Wa kwanza anakaa kulia kwa njia yake, wa pili kushoto, hivyohivyo hadi mwisho, ili kila mmoja aone mbele na awe na nafasi ya kukwepa. Sheria moja tu: usipoiona taa ya mwenzako kwenye kioo, punguza mwendo. Mwendo wa kutembelea ulikuwa 75, kwenye makazi 50. Dogo alitaka 85. Tukamwonyesha hesabu: kwenye kilomita 600 za barabara iliyo wazi, hizo kumi za ziada zinakupa kama dakika 55, zinapandisha ulaji wa mafuta, na pancha moja na nusu inazifuta zote.

Usiku ule kati ya Mlandizi na Chalinze ndipo penye hatari kubwa kuliko Kitonga na tembo wa hifadhi ya Mikumi wakijumlishwa. Lori likiharibika linabaki palepale kwenye lami, mara nyingi halina taa wala kiakisi. Onyo lake ni matawi. Ukiona fungu la majani limetupwa barabarani, halafu hatua kadhaa mbele fungu lingine, toa mkono kwenye mafuta papo hapo; chuma kiko mbele. Tulikutana na mawili. La pili matawi yake yalikuwa yamesagwa na matairi hadi yakabaki doa la kijani kwenye lami, na aliyekuwa mbele alilitambua kwa harufu ya majani mabichi kabla ya kuliona.

Msamvu, Morogoro, saa kumi na mbili na dakika kumi. Karibu lita 5 kila pikipiki kwa kilomita 180. Kila mtu alijaza, hata aliyebakiwa na nyingi, maana msafara unaojaza kwa zamu unasimama mara nne badala ya moja. Mmoja anashika pampu na risiti, mwingine anatia oili ya gia namba 90 kwenye cheni zote nne, upande wa ndani wa cheni ya chini, wakati bado ina moto. Cheni iliyopoa inaibeba oili juujuu na kuirushia rimu yote.

Mikumi hifadhini tuliingia jua limeshatoka. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kama kilomita 50, na vibao vinakuonyesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Kwa pikipiki faini ndiyo shida ndogo. Twiga na swala walikuwa mbali. Tembo watatu walikuwa ukingoni kabisa, mmoja ng'ambo ya pili ya lami. Hapo hupiti. Unasimama mbali, injini inaunguruma, gia ya kwanza imeingia, unasubiri wakutane upande mmoja. Tulisubiri dakika kumi na moja nyuma ya basi dogo, na hakuna aliyepiga honi.

Kifungua kinywa Mikumi mjini: chapati, mayai ya kuchemsha, chai, ndizi. Ugali ulikuwa marufuku hadi jioni, kwa sababu usingizi wa saa tano asubuhi juu ya pikipiki hauji kwa kupiga miayo. Unakuja kwa kushtuka kwamba kona iliyopita huikumbuki. Ukiona hivyo, simama. Nusu saa ya kulala chini ya mti ni bei nafuu.

Kona za Iyovi, mibuyu, magunia ya vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, joto likipanda kadiri unavyoshuka. Halafu Kitonga.

Barabara ya mlima ule ilikuwa nyembamba, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori yalikuwa yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kosa la wengi ni kuligandia lori nyuma, ambapo moshi na joto lake vinaingia kwenye injini inayopozwa kwa upepo, na upepo wenyewe haupo. Tuliacha nafasi ya mita hamsini, gia ya pili, mafuta nusu, na kupita pale tu tulipoiona kona yote ya juu. Ukinusa harufu ya breki zinazoungua, kaa kushoto kabisa: kuna kitu kinashuka. Pikipiki ya dogo haikuitaka gia ya pili. Kwa lile jino lake moja la ziada, gia zake zote zilikuwa zimerefuka karibu asilimia 7, kwa hiyo alipanda kwa gia ya kwanza, akawa anaikata klachi nusunusu kwenye kona. Juu kabisa klachi ilikuwa inateleza: injini inalia, mwendo hauongezeki. Tulipumzika dakika ishirini na tano hadi sahani zipoe, Fundi akalegeza waya kidogo ili klachi ifunge yote. Ikashika. Hakusema chochote kuhusu sproketi, na hilo lilimuuma dogo kuliko kusemwa.

Ipogolo, Iringa, saa saba kasoro, mafuta, wali kidogo. Kuanzia hapo hali ya hewa inageuka. Mafinga iko juu, na misitu ya misonobari ya Sao Hill mwezi wa saba inatoa baridi linaloingia mifupani. Gazeti lililokunjuliwa kifuani chini ya jaketi linashinda sweta la pili, kwa sababu linazuia upepo. Hapohapo kabureta inaanza kunung'unika: hewa ni nyepesi, petroli inazidi, injini inakuwa nzito kwenye mafuta mengi. Usianze kuichezea jeti kando ya barabara. Fungua ea klina, kung'uta vumbi la Ruaha, endelea. Plagi itakuwa na masizi ukifika, na hiyo ni kawaida.

Makambako tuliondoka saa kumi na dakika kumi na tano, upepo wa ubavuni ukitusukuma. Saa kumi na moja kasoro, kabla ya Igawa, nyuma yangu ikaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Pancha.

Hapa ndipo siku ilipopotelea. Stendi kubwa juu ya ubao, fungua fimbo ya breki na mkono wake, legeza nati ya ekseli, chomoa, tairi nje. Dakika tano. Koleo mbili za tairi, tyubu ya 3.00-17 nje, mpya ndani. Nilipitisha kidole ndani ya tairi, nikakuta msumari mdogo, nikautoa, nikaridhika. Upepo ulijazwa kwa pampu ya mkono, kama midundo mia mbili kwa zamu. Dakika thelathini na tano jumla, na nilijiona hodari.

Baada ya kilomita sita ikalala tena.

Safari hii Fundi alinisogeza pembeni. "Kidole ni kigumu, kaka. Nipe soksi." Alivaa soksi kuukuu mkononi, akaizungusha polepole ndani ya tairi, pande zote mbili. Mzunguko wa pili uzi wa soksi ukanasa. Ilikuwa ncha ya waya mwembamba kama unywele, urefu wa kucha, wa yale matairi ya malori yanayopasuka na kutapakaa kwenye lami. Kidole kilipita juu yake mara tatu bila kuuhisi, kwa kuwa waya ule hujitokeza tairi likikunjwa na uzito. Aliukamata kwa koleo, akauvuta hadi ukatoka. Tyubu ya akiba ilikuwa imeshatumika, kwa hiyo tulirudi kwenye ile ya kwanza: kwangua kwa msasa hadi weusi wake ufifie, paka soloshen, subiri ikauke hadi isigande kwenye kidole, ndipo ubandike kiraka na kukigonga. Wanaobandika ikiwa bado mbichi ndio wanaolala njiani. Tukiwa bado tunapiga pampu, basi lililotoka Dar saa kumi na mbili asubuhi likatupita likipiga honi, na abiria wa dirishani akatupungia chupa ya maji.

Tuliondoka saa kumi na mbili na dakika ishirini. Chimala na Igurusi zikapita gizani, mwendo 60, hakuna kuovateki, kila mtu akisimama juu ya vikanyagio kila baada ya dakika kumi kwa sababu makalio yalishakata tamaa tangu Mafinga. Uyole foleni ya malori, kisha Mafiati.

Tulilinganisha odometa kwenye meza ya mama ntilie, mbele ya ugali uliokuwa marufuku tangu asubuhi: 809, 814, 817, 828. Njia moja, pikipiki nne. Dogo alidai yake ya 828 ndiyo sahihi. Fundi alimuuliza mita yake inasoma kutoka wapi, gurudumu la mbele au gia za injini. Ilikuwa ya gurudumu la mbele, na tairi lake la mbele lilikuwa limelika hadi kipara. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi.

Asubuhi, injini zikiwa za baridi na pikipiki zimesimama wima, tulipima oili. Tatu zilikuwa palepale. Ile iliyopanda Kitonga kwa gia ya kwanza ilikuwa imepungua karibu robo lita, na dogo alikwenda Mwanjelwa kutafuta sproketi ya meno 14.