Shule ya King Alfred na Mtoto Anayerudi Nyumbani Jioni

Katika historia ya elimu ya Uingereza, Shule ya King Alfred iliyoko kaskazini mwa London hutajwa zaidi kwa kuwasomesha wavulana na wasichana pamoja tangu ilipofunguliwa mwaka 1898. Sifa hiyo ni ya haki, lakini kwangu mimi lililo zito zaidi ni kwamba waanzilishi wake walitaka iwe shule ya kutwa. Wakati ule familia za Kiingereza zenye uwezo ziliwapeleka wana wao bweni wangali wadogo, wengine wakiwa na umri wa miaka minane tu, huku mabinti wengi wa tabaka hilo wakifundishwa nyumbani na walimu wa kike walioajiriwa na wazazi. Kumketisha kaka darasa moja na dada yake, kisha kuwarudisha wote nyumbani kila jioni, kulikuwa ni kuvunja desturi mbili kwa mpigo mmoja. (Sisi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu bado tunaiona shule ya bweni kuwa ndiyo shule hasa, tulirithi fikra hiyo kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Waingereza hao hao.)

Waanzilishi walikuwa wakazi wa Hampstead, mtaa uliopendwa na wasanii na waandishi. Waliunda chama mwaka 1897 kwa nia ya kuyatia katika vitendo mawazo ya wanafikra wa elimu Pestalozzi, Froebel na Herbart, wakafungua shule yao katika nyumba moja ya barabara ya Ellerdale. Haikuwa mali ya mtu mmoja wala ya kanisa, na haikufundisha dini ya madhehebu yoyote, jambo lililowashtua watu wengi wa zama zile. Jina walilichukua kwa Mfalme Alfred wa Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza, mtawala wa karne ya 9 aliyesifika kwa kuhimiza vitabu vya Kilatini vifasiriwe kwa lugha ya watu wake.

Mwalimu mkuu aliyeilea shule hiyo kwa muda mrefu katika miaka yake ya mwanzo alikuwa John Russell, aliyeiongoza kuanzia 1901 hadi 1920. Mwishoni mwa uongozi wake aliajiriwa Mskoti mmoja, A. S. Neill, ambaye aliiona shule hiyo, pamoja na sifa zake zote za uhuru, kuwa bado inawahubiria watoto maadili kupita kiasi. Neill alishinikiza wanafunzi wajitawale. Watoto wakautumia uhuru huo kwa kupiga kelele, walimu wenzake wakalalamika, na hatimaye ilimbidi aondoke. Mwaka 1921 alianzisha shule yake karibu na Dresden, Ujerumani, ile ambayo baadaye ilijulikana duniani kote kwa jina la Summerhill. Hiyo ilikuwa ya bweni. Neill aliamini kwamba mtoto huwa huru akiwa mbali na wazazi. King Alfred ilijengwa juu ya imani kwamba wazazi ni sehemu ya shule, na sioni namna ambayo pande hizo mbili zingeweza kupatana.

Nyumba ya Ellerdale ilipokuwa finyu, shule ilihamia Manor Wood, upande wa Golders Green, penye bustani na miti mikubwa. Stesheni ya reli ya chini ya ardhi ilikuwa imefunguliwa Golders Green mwaka 1907, na shule ya kutwa haiishi bila usafiri.

Vita vya pili vya dunia viliipindua kanuni hiyo ya kutwa. Ili kuwaepusha watoto na mabomu ya London, shule ilihamishiwa shambani karibu na Royston, Hertfordshire, ikageuka kuwa ya bweni, na wanafunzi wakashiriki kazi za shamba. Baada ya vita ilirudi Golders Green na kuwa ya kutwa tena.

Mpaka leo wanafunzi hawavai sare, nao huwaita walimu kwa majina yao ya kwanza. Hata hivyo, mlango wake hufunguliwa na ada, na ada hizo ni kubwa. Shule iliyojitenga na kanisa na serikali haikupata kamwe njia ya kujitenga na mfuko wa mzazi. Tena, tangu Januari 2025, serikali ya Uingereza hutoza ada za shule binafsi kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20.